Kipaketi cha chumvi: safari ya harufu kutoka kasha la siga la rais mpaka kopo la bangi

Leo tuweke pembeni habari za nani kamwagana na nani, tupige stori ya kitu kidogo kuliko kiganja chako. Ni kipaketi. Kwenye nchi zilizoruhusu bangi, ukifungua kopo la dukani mara nyingi unakikuta kimelala juu ya maua, kimeandikwa namba kubwa: 58 au 62. Wenyewe wanasema bila hicho kipaketi, mzigo wa bei mbaya unaweza kugeuka majani makavu ya kufagia uani.

Sasa hiyo namba ilitoka wapi? Nani kaamua iwe 62 na sio 90? Jibu linapita kwenye vita viwili vya dunia, kasha la rais wa Marekani, wagonjwa wa San Francisco na, amini usiamini, kichupa cha chumvi cha jikoni kwenu. Wahusika wengi wa stori hii majina yao tunayaacha kapuni, maana leo staa ni kipaketi. Na kabla hujakimbilia kwenye maoni: Tanzania na Kenya bangi bado ni kosa la jinai. Hapa tunasimulia historia, hatugawi mzigo.

Kwanza alikuja mkaushaji

Kabla ya kipaketi chenye namba kulikuwa na kaka yake, ambaye unamjua vizuri. Ukinunua raba mpya, begi au kamera, ndani unakuta kipaketi cheupe chenye punje zinazofanana na sago, na onyo kwamba si chakula. Hiyo ni jeli ya silika. Jina linadanganya kidogo, maana haitelezi kama jeli. Ni punje ngumu zenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo ndivyo vinavyonasa mvuke wa maji.

Profesa mmoja wa kemia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, ndiye aliyepata hataza ya kuitengeneza, mwaka 1919. Ulikuwa wakati ambao watu hawajasahau gesi za sumu za Vita Kuu ya Kwanza, na kilitafutwa kitu cha kuweka kwenye vinyago vya kujikinga ili kinase gesi na mvuke. Vita vya Pili vilipokuja, jeli hiyohiyo ikawa mlinzi wa mizigo ya jeshi. Ilikausha hewa ndani ya maboksi ya vifaa, na ilisaidia kulinda dawa kama penisilini zisiharibiwe na unyevu. Baada ya vita ikahamia madukani, mpaka ikafika kwenye boksi la viatu vyako.

Ila jeli ya silika inajua kazi moja tu, kunyonya. Haijui kusema basi inatosha. Ukiiweka kwenye kopo la tumbaku, chai au bangi itaendelea kuvuta maji mpaka ishibe yenyewe, na wewe utabakiwa na vumbi. Kwa vitu vya harufu, ukavu uliopitiliza ni hasara sawa na kuoza.

Chumvi ya jikoni inajua fizikia

Mtu aliyekulia Tanga, Mombasa, Dar au Unguja anajua mambo ya masika. Chumvi inalowa yenyewe ndani ya kichupa, inashikana, inagoma kutoka. Ndiyo maana wazazi wanatia punje za mchele mle ndani. Kinachotokea ni hiki: hewa ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida inaanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka. Unyevu ukishuka chini ya hapo, maji yanaondoka na chumvi inarudi kuwa kavu. (Asilimia 100 hapa maana yake ni hewa iliyoshiba maji, haiwezi kubeba tena.)

Sasa chukua chumvi nyingi, itie maji kidogo tu iwe kama uji mzito, uji ambao ukiongeza chumvi haiyeyuki tena. Uweke ndani ya chombo kilichofungwa vizuri. Hewa ya mle ndani itatulia kwenye 75. Hewa ikikauka, uji unatoa maji. Hewa ikilowa, uji unayanywa. Hakuna umeme, hakuna swichi, chumvi inajiendesha yenyewe.

Na kila aina ya chumvi ina namba yake. Kwenye joto la nyuzi 25, kloridi ya magnesi inakaa karibu na 33, kloridi ya potasi inakaa karibu na 84. Maabara zimetumia mbinu hii kwa miaka mingi kurekebisha vipimo vya unyevu, na mwaka 1977 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani ilichapisha jedwali la namba hizo ambalo wanasayansi wanalirejea mpaka leo. Kwa hiyo elimu ilikuwepo muda mrefu. Kilichokosekana ni mtu wa kuitia kwenye kipaketi na mteja wa kukilipia.

Mteja wa kwanza alikuwa tajiri

Waliotoa pesa ndefu mwanzoni kutafuta hewa ya katikati hawakuwa wavuta bangi. Walikuwa wavuta siga, yale matumbaku manene ya kusokotwa ambayo mabosi wa kwenye muvi wanayauma huku wakihesabu hela. Siga nzuri inatakiwa kukaa kwenye unyevu wa kati ya 65 na 72 hivi. Ikikauka inapasuka na kuungua haraka kama gazeti. Ikilowa inaota ukungu na kugoma kuwaka. Basi matajiri wakawa wanazifungia kwenye makasha maalumu ya mbao za mseda, ndani kuna sponji ya maji. Wenyewe wanayaita humidori.

Kasha maarufu kuliko yote lilikuwa la Rais John F. Kennedy. Alipewa na mchekeshaji mmoja mkubwa wa televisheni, likiwa limechorwa tarehe ya kuapishwa kwake, Januari 20, 1961. Mwaka uliofuata, kwa simulizi ya msaidizi wake wa habari, Kennedy alimwagiza atafute siga za Kuba fasta. Msaidizi akarudi na 1,200, na hapo ndipo rais akasaini amri ya kupiga marufuku bidhaa za Kuba. Yaani kajaza stoo kwanza, halafu kafunga duka! Mwaka 1996 lile kasha lilipigwa mnada New York, na mwenye jarida moja la siga akalinunua kwa dola 574,500.

Bei ile ilionyesha upepo wa wakati huo. Jarida lake lilikuwa limeanza mwaka 1992, mastaa wa Hollywood wakawa wanatokea kwenye jalada na siga mdomoni, na kila mwenye suti akataka kasha nyumbani. Tatizo likabaki lilelile: sponji ya maji inajua kutoa tu. Ukisahau kuijaza, siga zinakauka. Ukiijaza kupita kiasi, ukungu. Jeli ya silika ilikuwa na shida ya kunyonya tu, sponji ikawa na shida ya kutoa tu.

Watu wawili wa Minnesota

Kwenye jimbo la Minnesota, ambako baridi ni kali na hewa ya ndani ya nyumba wakati huo inakuwa kavu kweli kweli, wabunifu wawili wakaichukua ile chumvi ya maabara na kuifungia kwenye mfuko wenye ngozi laini ya plastiki. Siri iko kwenye ngozi hiyo. Mvuke wa maji unapita, maji yenyewe hayapiti. Kwa hiyo kipaketi kinaweza kutoa na kupokea bila kulowesha chochote. Kampuni yao ilianza mwaka 1997, na hataza ya Marekani ikatoka mwaka 1999. Kwanza kilijulikana kama Humidipak, leo kampuni inaitwa Boveda.

Wakabadilisha mchanganyiko wa chumvi kupata namba tofauti. Siga zikapewa 69 au 72. Magitaa na vinanda vya mbao vikapewa 49, maana mbao ikikauka inapasuka. Baadaye kampuni nyingine, Desiccare, ikaja na vipaketi vyake vinavyotumia glisarini badala ya chumvi, kwa namba 55 na 62.

Enzi ya maganda ya machungwa

Wakati wavuta siga wanapimiwa hewa, wavuta bangi walikuwa na mbinu za mtaani. Mzigo umekauka? Tupia ganda la chungwa kwenye kopo. Wengine jani la saladi, wengine kipande cha mkate, wengine tishu iliyoloweshwa. Kweli majani yalilainika. Lakini ganda la chungwa halijui namba, linamwaga maji yote liliyonayo, na lenyewe linakuja na vimelea vyake vya ukungu. Ni kama kumkaribisha mwizi akulindie nyumba.

Wakulima makini walikuwa na njia bora zaidi. Ua bichi la bangi karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Walilining'iniza gizani mpaka likauke, wakalitia kwenye chupa za kioo, kisha kila siku wakazifungua dakika chache ili hewa yenye unyevu itoke. Kazi hiyo iliendelea kwa wiki kadhaa, na aliyeifanya alitegemea pua na vidole tu. Ukisikia harufu kama ya nyasi zilizolala na mvua, ujue kimeumana.

Hapa stori inakuwa nzito

Unaweza kudhani haya yote ni mbwembwe za watu wenye hela. Subiri. Mwaka 1988 madaktari wa Marekani waliripoti kwenye jarida la kitabibu kisa cha mgonjwa aliyekuwa amepandikizwa uloto. Kinga yake ilikuwa chini kabisa. Alivuta bangi iliyokuwa na ukungu wa aina ya Aspergillus, ukungu ukamwingia kwenye mapafu, akafariki. Kwa mtu mwenye afya ukungu ule mara nyingi hauna la kumfanya. Kwa mtu asiye na kinga ni risasi.

Sasa kumbuka ni akina nani waliobeba harakati za bangi ya matibabu Marekani. Miaka ya 1990 San Francisco ilikuwa imejaa wagonjwa wa Ukimwi, vijana wengi, waliovuta bangi ili waweze kula na kuzuia kutapika. Kwa sauti zao kwa kiasi kikubwa, mwaka 1996 wapiga kura wa California walipitisha sheria ya kwanza ya jimbo kuruhusu bangi ya matibabu. Yaani waliofungua mlango ndio walewale ambao ukungu ungeweza kuwaua. Kwao ubichi wa mzigo haukuwa swaga.

Colorado na Washington zikapiga kura ya kuruhusu bangi ya starehe mwaka 2012, na Januari 1, 2014 maduka ya Colorado yakafungua milango. Oktoba 17, 2018 Kanada nzima ikafuata. Bangi ikawa bidhaa ya rafuni yenye lebo, inayosubiri mnunuzi kwa wiki na miezi, na hapo wenye maduka wakakigeukia kile kipaketi cha siga. Namba zikashushwa hadi 62 na 58, kwa sababu maua ya bangi yanataka hewa kavu kidogo kuliko siga.

Mwaka 2018 shirika la viwango la ASTM likaandika kabisa: maua makavu ya bangi yawe na maji huru kati ya 0.55 na 0.65. Maji huru ni yale ambayo ukungu na bakteria wanaweza kuyatumia, na hupimwa kuanzia 0 mpaka 1. Kipimo hiki kilikuwepo tayari kwenye sayansi ya vyakula. Chini ya 0.65 ukungu karibu wote unashindwa kuota. Chini ya 0.55 ua linasagika na kupoteza harufu. Zidisha hizo namba kwa 100 uone 58 na 62 zinaangukia wapi. Palepale katikati.

Harufu yenyewe ni nini?

Harufu ya bangi inatoka kwenye mafuta yanayopukika, yaani yanayoruka hewani kirahisi. Sehemu kubwa ni kemikali za kundi la terpini, na nyingi unazijua bila kujua. Limonini iko kwenye ganda la limau. Pinini iko kwenye misonobari. Mirsini iko kwenye mchaichai. Na kuna moja inaitwa kariofilini, ambayo jina lake limetokana na jina la zamani la kisayansi la karafuu. Ndiyo, karafuu ileile ya Pemba. Mkulima wa Pemba anajua vita hii vizuri, maana karafuu zikirundikwa mbichi zinachacha na kupoteza rangi, na zisipokauka sawasawa zinashuka daraja.

Mwaka 1996, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mississippi, ambacho kimekuwa kikilima bangi ya utafiti ya serikali ya Marekani tangu 1968, walipima mafuta hayo. Baada ya wiki moja tu ya kukaushwa kwenye joto la chumba, asilimia 31 ya mafuta yalikuwa yamepotea. Baada ya miezi 3, zaidi ya nusu. Yanayotangulia kuondoka ni yale mepesi, ndiyo maana mzigo wa zamani unabaki na harufu nzito isiyo na uhai.

Kwa hiyo usidanganyike na matangazo. Kipaketi kinatunza unyevu, hakirudishi harufu iliyokwisha kuondoka. Kinaweza kulainisha ua lililokauka, lakini limonini iliyoruka wiki iliyopita imeruka. Pia hakizuii mwanga wala joto. Utafiti wa London wa mwaka 1976 ulionyesha kwamba mwanga ndiye adui mkubwa kuliko wote wa nguvu ya bangi, na kwamba ikitunzwa vizuri gizani inakaa mwaka mmoja hadi miwili bila kuporomoka sana. Na kama ukungu umeshaota, kipaketi hakiusafishi. Ni wa kutupa.

Harufu ileile, hatima mbili

Hapa ndipo mimi hii stori inaniuma. Kwa miaka mingi Marekani, harufu ya bangi ikitoka kwenye gari ilimtosha polisi kupekua. Ripoti ya shirika la haki za kiraia la ACLU ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba mtu mweusi alikuwa na uwezekano mara 3.73 zaidi ya mzungu kukamatwa kwa kumiliki bangi, wakati utumiaji wao unakaribiana. Mpaka Desemba 2021 ndipo mahakama ya juu ya jimbo la Pennsylvania ilipotamka kwamba harufu peke yake haitoshi kupekua gari. Kwa hiyo kuna kampuni inalipwa kutunza harufu, na kuna mtu ana rekodi ya jinai hadi leo kwa sababu ya harufu hiyohiyo kutoka dirishani.

Na huku kwetu? Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 haina utani, na kila mara tunaona picha za mamlaka ikiteketeza mashamba Arumeru, Tarime na Morogoro. Anayeficha mzigo haangalii asilimia za unyevu, anaangalia harufu isimfikie jirani. Mzigo unafungwa kwenye nailoni kabla haujakauka, maji yanabaki ndani, ukungu unapata makazi. Anayevuta ule msokoto hajui kilichomo, na hakuna maabara ya kumwambia. Ikiwa ana TB ya zamani au anaishi na virusi vya Ukimwi, hatari yake ni kubwa kuliko ya yule wa Denver mwenye kopo la lebo.

Majirani nao wanasogea kila mmoja kivyake. Lesotho ilitoa leseni za bangi ya matibabu mwaka 2017. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu matumizi ya faragha kwa watu wazima Septemba 2018. Rwanda mwaka 2021 iliruhusu kilimo cha kuuza nje kwa ajili ya dawa, lakini ukikutwa unavuta Kigali, ni kesi. Maana yake udongo huohuo wa Afrika Mashariki unaweza kutoa ua linalopimwa maji huru kwa ajili ya mgonjwa wa ng'ambo, na kete yenye ukungu kwa kijana wa mtaani.

Sisemi sheria iwe hivi au vile, hilo ni la wananchi na wabunge wao. Ninachosema ni kwamba chumvi na maji ni vitu vya bei rahisi, na elimu yake iko wazi kwa miaka mingi. Iliwafikia kwanza wenye siga, halafu magitaa, halafu wateja wa Colorado. Mgonjwa aliyekufa 1988 hakupata bahati hiyo.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Unadhani serikali zetu zianze na vipimo vya usalama kwanza, au zikaze kamba kama ilivyo? Na wale wa Pemba, hebu tuambieni, nyumbani mnajuaje kwamba karafuu imekauka sawasawa? Shusha maoni yako hapo chini, ila tuheshimiane.